Baina ya Gati na Stesheni

Neno "meli" katika Kiswahili lina historia ambayo msemaji wa leo aghalabu haikumbuki. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Wazee wetu wa pwani walipoiona merikebu ya moshi ikileta mifuko ya barua kwa siku zilizowekwa, walikipa chombo jina la mzigo wake. Meli, basi, haikuwa chombo chochote tu cha baharini. Ilikuwa chombo chenye ahadi. Ilikuja kwa tarehe, ikaondoka kwa tarehe, na nchi kavu palikuwa na mtu aliyeingoja. Natanguliza jambo hili kwa sababu insha hii yahusu ahadi hiyo: jinsi ilivyofanywa katika bandari za Ujerumani, jinsi reli ilivyoletwa mpaka ubavuni mwa meli ili ahadi itimie, na jinsi ilivyovunjika bila ya mtu kukusudia kuivunja.

Msafiri anayeteremka leo kutoka katika meli ya matembezi huko Bremerhaven, mkononi ana sanduku na moyoni ana nia ya kuendelea kwa treni mpaka Bremen au Berlin, hukuta jambo la ajabu. Amesimama juu ya gati lililojengwa pamoja na stesheni yake, lakini hapana treni ya abiria inayolifikia. Hana budi kupanda basi au teksi, avuke mji kwa kilomita kadhaa, ndipo aifikie stesheni kuu. Huko Warnemünde, kwenye pwani ya Baltiki, katika mji mdogo ambao haukupata kamwe kuwa lango kuu la Marekani, msafiri wa namna ile ile hutembea kwa miguu dakika chache tu akawa mbele ya treni. Kwa nini pale palipojengewa reli makusudi pamekosa, na pale pasipodhaniwa pamepata? Jibu halimo katika ratiba ya treni. Limo katika swali la nani aliyekuwa akisafiri, na nchi ilimhesabu kuwa nani.

Tuanze na Bremen. Mji huo u kando ya mto Weser, kiasi cha kilomita 60 kutoka baharini. Mwanzoni mwa karne ya 19 mto ulikuwa umejaa mchanga hata merikebu kubwa hazikuweza kuufikia mji, na mji wa biashara usiofikiwa na merikebu ni kama kisima kilichokauka. Meya Johann Smidt akanunua ardhi mdomoni mwa mto kutoka kwa ufalme wa Hannover mwaka 1827, na mwaka 1830 bandari mpya ikafunguliwa. Iliitwa Bremerhaven, yaani Bandari ya Bremen. Merikebu ya kwanza kuingia ilikuwa ya Kimarekani, na hiyo ilikuwa dalili ya mambo yajayo. Merikebu zilileta tumbaku na pamba kutoka Marekani, lakini wakati wa kurudi matumbo yake yalikuwa nusu matupu. Wafanyabiashara wakatafuta mzigo wa kurudishia, wakaupata: watu.

Watu hao walikuwa wakulima waliokosa ardhi, mafundi waliokosa kazi, na baadaye wale walioshindwa katika mapinduzi ya mwaka 1848. Mwaka 1832 serikali ya Bremen ilitoa sheria iliyowalazimisha wenye merikebu kuthibitisha kwamba vyombo vyao vyafaa kusafiri, kuchukua chakula cha kuwatosha abiria siku 90, na kuandika orodha ya majina yao. Hii haikuwa huruma tupu. Ilikuwa pia hesabu. Mhamaji aliyesikia kwamba Bremen humlisha abiria wake angeiacha Le Havre na Antwerp aje Bremen. Walakini hesabu njema huzaa mema hata kama haikukusudia wema, na sheria ile iliokoa roho nyingi.

Palibaki pengo moja. Mhamaji aliyefika Bremen alikuwa hajafika baharini. Ilimpasa kupanda mashua ya mtoni, na safari hiyo iliweza kuchukua hata siku tatu, pamoja na watoto, magodoro na masufuria. Alipofika Bremerhaven alingoja upepo, na katika kungoja alitumia fedha alizoweka kwa ajili ya maisha mapya. Kwa sababu hiyo mwaka 1850 ilifunguliwa nyumba ya wahamaji iliyoweza kulaza watu 2,000. Kisha mwaka 1862 reli kutoka Bremen ikafika mdomoni mwa mto. Safari ya siku tatu ikawa ya saa chache. Mhamaji aliweza sasa kufika siku ile ile ya kupakia, na ile nyumba kubwa, iliyokuwa fahari ya mji, ikapoteza wateja wake na baada ya miaka michache ikafungwa. Hapa twaona kwa mara ya kwanza kanuni itakayojirudia katika historia hii: chombo kipya cha usafiri hakiji peke yake, huja kikiwa na majengo yake mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huyafunga majengo ya jana.

Wakati huo matanga yalikuwa yakiuachia moshi nafasi. Kampuni ya Norddeutscher Lloyd, iliyoanzishwa Bremen mwaka 1857, ilipeleka meli yake ya kwanza ya moshi New York mwaka 1858. Meli ya moshi haikungoja upepo, na kwa hiyo iliweza kuwa na saa. Reli nayo ilikuwa na saa. Saa hizi mbili zilipokubaliana, mtu wa kijiji cha mbali aliweza kununua kwa wakala tikiti ya kumfikisha mpaka Marekani, na tangu hapo msiba wake na furaha yake vikawa mikononi mwa ratiba. Kati ya mwaka 1830 na 1974 waliopitia Bremerhaven kwenda kuishi ng'ambo walizidi milioni 7.

Hamburg, mshindani wa Bremen, ilikuwa na kampuni ya HAPAG tangu mwaka 1847. Mwishoni mwa karne ya 19 wengi wa wahamaji hawakuwa Wajerumani tena. Walikuwa watu wa milki ya Urusi na ya Austria, na miongoni mwao Wayahudi waliokimbia umaskini na mateso. Walikuja kwa gari la moshi, na safari yao yatuonyesha uso wa pili wa reli. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg kikaua watu zaidi ya 8,000. Wengi waliwatupia lawama wahamaji kutoka mashariki, ingawa maji ya mji yalikuwa yakinywewa bila ya kuchujwa. Baada ya hapo wahamaji walisafirishwa chini ya ulinzi mkali, wakapimwa njiani na kutengwa na wenyeji. Mary Antin, aliyepita njia hiyo akiwa msichana mdogo mwaka 1894 na baadaye akawa mwandishi Marekani, ameeleza jinsi gari lao lilivyosimamishwa mahali pakiwa nje ya Berlin, wakaamrishwa kwa sauti kali, wakavuliwa nguo, wakaoshwa, na vitu vyao kufukizwa dawa, nao hawajui kama wanaponywa au wanauawa. Huko Hamburg walitengwa kwa muda wa wiki mbili kabla ya kupanda meli.

Mtu aliyejaribu kupunguza unyonge huo, kwa wema na kwa faida pamoja, alikuwa Albert Ballin, Myahudi wa Hamburg aliyezaliwa karibu na bandari na akawa mkuu wa HAPAG. Mwaka 1901 kampuni yake ilifungua kwenye kisiwa cha Veddel mabanda ya wahamaji ambayo yalipanuka yakawa kama mji: mabweni, hospitali, kanisa, sinagogi, jiko la chakula cha Kiyahudi, na stesheni yake. Gari la moshi lilifika mlangoni; mhamaji alilala, akala, akapimwa, akapelekwa melini bila ya kukanyaga mitaa ya Hamburg. Ilikuwa huduma, na ilikuwa pia ukuta. Mgeni alipokewa vizuri kwa sharti kwamba asikae.

Ballin huyo huyo ndiye aliyeanzisha jambo ambalo lingekuja kuibadili maana ya bandari. Wakati wa baridi kali, bahari ya Atlantiki ikichafuka, abiria walipungua, na meli kubwa zilifungwa gatini zikila fedha. Tarehe 22 Januari 1891 alitia nanga juu huko Cuxhaven, mdomoni mwa mto Elbe, meli iitwayo Augusta Victoria, ikiwa na abiria 241, ikaelekea bahari ya Mediterania. Abiria hao hawakuwa wakienda mahali. Walikuwa wakizunguka, wapate jua na kuona miji, na baada ya miezi miwili warudi walikotoka. Wengi waliona ni kichekesho, lakini safari hiyo huhesabiwa leo kuwa mwanzo wa safari za matembezi ya baharini. Katika bandari ile ile ya Cuxhaven, miaka ya 1900 hadi 1902, HAPAG ilijenga kumbi za abiria zilizopakana na reli, hata mtu akitoka Hamburg kwa gari la moshi aliteremka, akapita chini ya kuba la ukumbi, akaingia melini. Hivyo gati moja likawahudumia watu wawili wasiofanana: anayekwenda asirudi, na anayekwenda ili arudi. Kwa miaka mingi wa kwanza ndiye aliyelipia reli, na wa pili akaitumia.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba njia hizi hazikumhusu mtu wetu yeyote. Tangu mwaka 1890 kampuni ya meli ya Ujerumani na Afrika Mashariki iliiunganisha Hamburg na Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Huko Berlin chuo cha lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887, kilifundisha Kiswahili na kuwaita walimu kutoka pwani. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili twayasoma mpaka leo. Alifundisha Berlin tangu mwaka 1900, akaoa mke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akafunga safari ya kurudi kwao pamoja na mkewe. Walipofika pwani walizuiwa kuteremka, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikutaka kuiona ndoa ya namna ile katika nchi iliyoitawala. Wakarudishwa Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Katika safari yake reli ilikuwapo, meli ilikuwapo, na gati lilikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kupiga hatua chache za mwisho. Njia hukamilika kwa chuma na mbao. Msafiri hukamilika kwa haki.

Kilele cha ufundi wa kuunganisha meli na reli kilifikiwa Bremerhaven mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilijengwa gati refu kwenye ukingo wa mto wenyewe, ili meli kubwa zisisumbuke kupita katika malango ya maji, na juu ya gati ikajengwa stesheni iliyoitwa Columbusbahnhof. Kutoka hapo, mwezi wa Julai 1929, meli Bremen ilikwenda safari yake ya kwanza na kuvuka Atlantiki, kutoka Cherbourg hadi lango la New York, kwa siku 4 na saa 17, ikawapokonya Waingereza heshima ya mwendo. Gari la moshi lilisimama karibu na ubavu wa meli, na baina ya behewa na ngazi ya meli palikuwa na ukumbi mmoja tu.

Lakini reli haiulizi inamchukua nani. Hamburg ilikuwa na stesheni ya zamani karibu na bandari, iliyoitwa Hannoverscher Bahnhof, ambayo ilikuwa imepoteza kazi yake ya abiria tangu stesheni kuu ya sasa ilipofunguliwa mwaka 1906. Kati ya mwaka 1940 na 1945 utawala wa Wanazi uliitumia stesheni hiyo kuwapeleka Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 kwenye mageto na makambi ya mauti. Mahali pale sasa pana bustani, na ndani yake, tangu mwaka 2017, pana ukumbusho wenye majina yao. Bustani hiyo imo katika mtaa mpya wa HafenCity, mtaa ule ule ambao meli za matembezi hufunga gati. Msafiri atokaye melini kwenda stesheni kuu kwa miguu aweza kupita hapo. Asipopita upesi, atasoma.

Baada ya vita Bremerhaven ikawa bandari ya majeshi ya Marekani, na gati lake likarudia kazi yake ya zamani. Mwezi wa Oktoba 1948 meli ya General Black iliondoka hapo na watu zaidi ya 800 waliopoteza nchi zao katika vita, wakiwa wa kwanza kupokewa Marekani chini ya sheria mpya ya wakimbizi. Miaka 10 baadaye, tarehe 1 Oktoba 1958, askari mmoja wa Kimarekani aliteremka gatini pamoja na wenzake mbele ya umati uliopiga kelele, akapanda treni iliyokuwa ikingoja, akaelekea Friedberg. Alikuwa mwimbaji Elvis Presley. Picha za siku ile zaonyesha mpango wote wa gati ukifanya kazi kama ulivyokusudiwa: meli, hatua chache, treni. Lakini siku tatu tu baadaye, tarehe 4 Oktoba 1958, ndege za jeti zilianza kuchukua abiria kati ya London na New York. Makelele ya mashabiki, kumbe, yalikuwa pia makelele ya kuaga.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Safari ya siku saba ikawa ya saa saba. Mwaka 1970 kampuni mbili zilizoshindana kwa zaidi ya karne, ya Bremen na ya Hamburg, ziliungana ili zisife. Meli za ratiba zikauzwa. Mhamaji na mfanyabiashara wakaenda uwanja wa ndege, na reli nayo ikawafuata huko: leo kwenye uwanja wa Frankfurt husimama treni za mwendo mkubwa, kama zamani treni zilivyosimama kando ya meli. Ahadi haikufa, ilihama. Gatini alibaki yule msafiri wa pili wa Ballin, mtu wa matembezi. Huyo, kwa hesabu za wapangaji, hakuwa na haja ya treni: atashuka asubuhi, atatembezwa kwa basi, na jioni atarudi melini. Treni za abiria zikaacha kwenda gatini. Jengo la Bremerhaven lilipofanywa upya mwaka 2003 kwa ajili ya meli za matembezi, lilizingatia basi, teksi na motokaa.

Hesabu hiyo ilikuwa na kosa. Wengi wa wasafiri wa matembezi huanzia au humalizia safari yao katika bandari hizo hizo. Wana masanduku, hutoka miji ya mbali, na treni hawawezi kuikosa. Ndiyo maana swali la kutoka gatini hadi stesheni, ambalo lilikuwa limekwisha jibiwa mwaka 1929, huulizwa tena leo kana kwamba ni jipya. Huko Bremerhaven jibu ni basi au teksi hadi stesheni kuu, na hapo treni ya mkoa hadi Bremen, ambako hupatikana treni za mbali. Huko Hamburg jibu hutegemea gati: lile la HafenCity lina reli ya chini ya ardhi karibu, iliyofunguliwa mwaka 2012, lile la Steinwerder, ng'ambo ya mto, halina reli ya abiria, na mtu asiyejua kwamba mji mmoja una magati zaidi ya moja aweza kujikuta upande usio wake. Huko Kiel gati la mjini na stesheni kuu si mbali kwa mtu mwenye mzigo mwepesi.

Na Warnemünde je? Reli ilifika huko mwaka 1886 pamoja na meli za kwenda Gedser katika Denmark, na mwaka 1903 mabehewa yenyewe yalianza kuingizwa ndani ya vivuko vyenye reli, yakavushwa bahari na abiria wake ndani. Stesheni ilijengwa karibu na maji kwa sababu hiyo. Kivuko hicho kiliacha kazi mwaka 1995, lakini mji ulikuwa pia na wakazi waliokwenda kazini Rostock na waogaji wa baharini waliokuja siku za joto, na hao waliendelea kuitaka treni kila siku. Gati jipya la meli za matembezi lilipofunguliwa mwaka 2005, lilikuta treni ipo tayari. Abiria hupanda treni ya mji hadi Rostock, hubadili, na kufika Berlin kiasi cha saa tatu baada ya kuondoka gatini.

Basi, lile fumbo la mwanzo limefumbuka. Stesheni ya Bremerhaven ilijengwa kwa ajili ya mpitaji peke yake. Mpitaji alipobadili njia, haikuwa na wa kuitetea. Ya Warnemünde ilikuwa na mpitaji na mkaazi pamoja. Mpitaji alipoondoka, mkaazi aliitunza, hata akaja mpitaji mwingine akaikuta ingali hai. Wajenzi wa bandari popote walipo wangefaa kulifikiri jambo hili. Kitu anachojengewa mgeni tu huondoka na mgeni. Anachoshirikishwa mwenyeji hudumu.

Kwa msafiri pia limo fundisho. Zamani treni iliyopeleka abiria gatini ilikuwa sehemu ya safari ya meli, na mbili hizo zilijuana. Leo hazijuani: treni ikichelewa, meli ya matembezi haina habari, nayo huondoa ngazi kwa saa yake. Mwenye busara huacha saa kadhaa baina ya moja na nyingine, na kama njia ni ndefu hulala usiku mmoja bandarini. Usiku huo hautapotea. Bremerhaven ina jumba la kumbukumbu ya wahamaji tangu mwaka 2005, na Veddel ina lake tangu mwaka 2007; ndani ya majumba hayo mna masanduku ya watu waliopita njia hiyo hiyo, wenye tikiti ya upande mmoja. Atakayeyatazama kisha akalibeba sanduku lake mwenyewe kutoka gatini hadi stesheni, ataona kwamba zile kilomita chache zinazomuudhi ni nafuu kubwa. Yeye anarudi nyumbani.